Kiti cha Mbele Katika Boti ya Verlon

Cobb Hollow, Tennessee
8 Juni 2003

Twyla mwanangu,

Kama yupo mtu mwenye bahati kunizidi mimi katika jimbo hili la Tennessee, basi bado yuko tumboni kwa mamaye. Keti kwanza. Umeketi? Jumamosi nimevua samaki, besi wa ratili tisa. Tisa za haki, mama, siyo tisa za Gaylon ambazo zikifika kwenye mizani zinageuka nne na nusu. Mdomo wake ukiufungua unaingiza kofia ndani, na nafasi inabaki.

Sikumvua kwa uvuvi wangu wa kurusha kwenye majani na kuvuta kwa nguvu. Nimemvua kwa uvuvi wako wewe, ule wa chubwi la risasi chini na ndoano juu, ambao mimi niliuita uvuvi wa mafundi cherehani. Futi arobaini kwenda chini, kwenye jabali la Sulphur, pale pale ulipokuwa ukinionyesha vijistari kwenye kioo cha mashine ya kuonea chini ya maji ukisema ni samaki, nami nikakuambia ni uchafu. Nilimweka kwenye tangi la boti, nikamleta gatini, watu wakajaa kama kuna harusi. Mwenye duka la chambo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha nikamrudisha ziwani, maana mimi ni muungwana.

Ulisema nikikupigia simu utakata. Nimejaribu, na kweli umekata. Msimamo huo umeurithi kwangu. Ndiyo maana naandika, mimi niliyeacha shule kabla shule haijaniacha.

Sasa kuna jambo dogo. Siyo langu, ni la Gaylon Peebles, huyu jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Tangu wewe ukimbilie Michigan kwenye baridi, yeye ndiye mwenzangu botini. Hodari, ila kichwa kigumu. Anauliza fimbo ya namna gani, mshipi gani, na lile fundo linafungwaje ili ndoano isilale. Mimi naweza kumwelekeza, lakini mtu hapendi kufundishwa na jirani yake. Andika wewe, nitamsomea.

Mashindano ya wawili wawili ni Oktoba kama kawaida. Gaylon kasema yeye atampisha yeyote. Kiti cha mbele kiko wazi. Sisemi kitu. Nasema tu kiko wazi.

Baba yako, mvuvi bora wa Ziwa Tolliver,
Verlon


Anchor Bend, Michigan
19 Juni 2003

Baba,

Barua imefika. Hongera kwa samaki.

Mwambie Gaylon hivi. Fimbo iwe ya futi saba, ncha laini, shina gumu. Ile yako nene ya kung'olea magogo iache ukutani. Rili, kigurudumu cha kuzungushia mshipi, iwe ile inayoning'inia chini ya fimbo. Mshipi mkuu uwe mwembamba wa kusukwa, na mbele yake aunge mshipi mwangavu usioonekana majini, wenye nguvu ya ratili sita, urefu wa fimbo mbili. Atasema utakatika. Hautakatika kama hatavuta kama anayeiba.

Fundo: akunje mshipi mara mbili, apitishe kitanzi kwenye tundu la ndoano, afunge fundo la kawaida bila kukaza, kisha ndoano yote ipite ndani ya kitanzi. Aloweshe kwa mate ndipo akaze. Mkia unaobaki asiukate, ndio utakaobeba chubwi. Aurudishe kwenye tundu la ndoano kutokea upande wa ncha. Hapo ndoano itasimama wima, ncha ikitazama juu. Asipourudisha inalala, na atarudi nyumbani na njaa.

Chubwi jembamba refu kwenye miamba, la duara kwenye changarawe. Asilifunge, alibane tu kwa klipu yake, ili likinasa abaki amepoteza chubwi peke yake. Samaki wakiwa chini kabisa, mkia uwe futi moja. Wakielea, aurefushe. Mnyoo wa plastiki, mdogo, amtoboe puani tu.

Akishafika chini, chubwi lisiondoke lilipo. Anachotikisa ni ule ulegevu wa mshipi. Kisha atulie. Hapo kwenye kutulia ndipo watu wengine hushindwa.

Samaki hagongi. Unahisi uzito tu, kama mtu kakuwekea mkono begani. Usimtwange. Zungusha rili, nyanyua.

Swali langu moja. Huyo besi wa futi arobaini, kabla hujamwachia, ulimfanya nini?

Twyla


Cobb Hollow
2 Julai 2003

Twyla mwanangu,

Nilimfanya nini? Nilimbusu paji la uso! Nikamwambia, "Nenda, mama, kawaambie wenzako umekutana na Verlon Stiltner." Nikamwachia mikononi, akazama kama jiwe. Hakugeuka hata kuaga. Jike lile, nakuambia, lilikuwa na kiburi kama shangazi yako Ouida.

Nimemsomea Gaylon barua yako mara nyingi mpaka mkewe katutolea mkate wa mahindi ili tunyamaze. Maskini hawezi. Ule mshipi wako anasema hauoni, anafunga hewa. Chubwi linanasa mwambani, anavuta, fimbo inapinda, anadhani kapata nyangumi. Ndoano inalala chali kila mara. Halafu kutikisa! Anatikisa kama anapiga kengele ya kanisa. Namwambia, "Gaylon, tulia." Anasema, "Nimetulia." Namwambia, "Hivyo ndivyo kutulia? Boti nzima inacheza." Nauliza kwa niaba yake: mtu akiwa ametulia, anajuaje kwamba ametulia vya kutosha? Mtu aliyezoea kurusha na kuvuta mikono humwasha, mwanangu. Anaona siku inapita na hakuna alichofanya.

Mimi mwenyewe sina shida hiyo. Jana nimepata watatu.

Najua bado unalo moyoni lile la mwaka jana. Yale niliyosema jukwaani kwenye mizani ulikuwa utani. Watu walicheka. Hata wewe ulicheka, nilikuona. Mtu akishindwa lazima aseme kitu cha kuchekesha, la sivyo watu watamwonea huruma, na huruma ya watu wa Cobb Hollow inanuka kuliko chambo cha juzi. Ungekuwa mtoto wa kiume ungenijibu kwa utani mkubwa zaidi, yakaisha, tukaenda kula kambare.

Boti nimeiosha. Kiti cha mbele nimekibadilisha ngozi.

Baba yako, bingwa wa futi arobaini,
Verlon


Anchor Bend
21 Julai 2003

Baba,

Sikucheka.

Acha nikukumbushe, kwa sababu naona umeshaisimulia hadithi hii gatini mpaka imekuwa yako. Tulikuwa wa pili kwenye mashindano asubuhi ile. Mimi nilikuwa mbele, nimesimamisha boti juu ya jabali la Sulphur kwa injini ndogo ya umeme. Walikuwa pale, chungu nzima, wanene, futi thelathini na tano. Chubwi langu lilikuwa chini na nilikuwa nimetulia. Nikakuambia, "Baba, nipe nusu saa." Ukaniambia, "Mimi sikuja kushona." Nikakuambia, "Wako hapa, nawaona." Ukachukua koleo ukakata mshipi wangu. Ukaukata, baba, kama mtu anavyokata uzi wa shati. Ukawasha injini kubwa tukakimbilia kwenye majani yako, tukatoka wa kumi na tano. Vijana wa Doss waliokuja nyuma yetu wakakaa juu ya jabali lile lile, wakashinda.

Halafu ukapanda jukwaani mbele ya watu wote, wakakupa kipaza sauti wakuulize kulikoni. Ukasema, "Ndivyo inavyokuwa ukimpakia mwanamke botini." Mimi nimesimama pembeni yako na mfuko wa samaki mkononi.

Nilikuwa nimevua miaka kumi na sita botini mwako. Nilikuwa nafunga ndoano zako zote tangu macho yako yalipoanza kuchoka, na hukuwahi kumwambia mtu.

Sasa la samaki. Wewe unajua, na mimi najua kwamba unajua. Besi akivutwa kutoka futi arobaini, kibofu chake cha hewa kinajaa kama mpira. Ukimweka kwenye tangi analala ubavu. Lazima umchome sindano nyuma ya pezi hewa itoke, ndipo aweze kuzama. Usipofanya hivyo ataelea juu mpaka ndege wamle, hata ukimbusu mpaka Krismasi. Aliyewahi kumvua mmoja tu wa kina kile hawezi kulisahau hilo. Wako alizama kama jiwe.

Mwanamke mmoja huku, Rhoda Nowicki, anayeendesha karakana ya injini ninayofanyia kazi, anataka twende naye Tolliver mwezi wa Oktoba. Nimemwambia angoje. Majina ya wawili wawili yanafungwa tarehe kumi Septemba.

Sikudai uombe radhi, hilo hulijui, na sitaki uanze kujifunzia kwangu. Nataka kitu kidogo zaidi. Niambie ukweli juu ya samaki yule. Basi. Botini aliye mbele anamwambia aliye nyuma kilichoko chini, na aliye nyuma hawezi kukiona, anaamini tu. Siwezi kukaa tena na mtu anayeniambia kuna samaki mahali pasipo na samaki.

Ukiniambia, nitakuja. Nitakaa kiti cha mbele, na Rhoda nitamweleza mwenyewe.

Twyla


Cobb Hollow
30 Agosti 2003

Twyla mwanangu,

Samahani nimechelewa. Kulikuwa na joto, halafu trela ikapasuka gurudumu, halafu mkono uliokuwa ushike kalamu ulikuwa unashika samaki kutwa nzima. Ndiyo shida ya mtu mwenye bahati, hapati nafasi.

Umenifurahisha kwa ile habari ya sindano! Unafikiri baba yako mjinga? Sindano ilikuwepo. Nilisahau tu kukuandikia kwa sababu aliyemchoma ni Gaylon. Alimchoma vizuri sana, hewa ikatoka puu kama mzee wa kanisa baada ya maharage. Mimi nilikuwa nashughulika na kubusu. Mambo ya sindano namwachia msaidizi.

Na kwa sababu siku hizi naona baba mzazi anahitaji shahidi, nakutumia picha. Mtazame. Tumbo lile. Jicho lile. Picha imekatwa kidogo pembeni kwa sababu Gaylon ndiye aliyepiga, na Gaylon kwenye picha hukata watu vichwa. Mimi nilitoka na kidevu tu, nikaona bora nijitoe kabisa abaki samaki mwenyewe na mkono. Lakini mkono unautambua.

Basi sasa yameisha, ukweli umeupata na picha juu yake. Tarehe kumi iko karibu. Jina langu nimeshaliandika kwenye fomu ya mashindano, na mstari wa chini yake nimeuacha mtupu. Yule mama wa ofisini kaniuliza, "Verlon, wa pili nani?" Nikamwambia, "Wewe subiri tu, utamwona, utashika mdomo."

Huyo Rhoda wako mwambie atafute mtu mwingine. Mtu wa injini anajua nini habari za samaki?

Baba yako, na huyo pichani ni wake,
Verlon


Anchor Bend
6 Septemba 2003

Baba,

Ndiyo, mkono nimeutambua. Ni wangu.

Kidole gumba kile kisicho na kucha, kilichoingia mdomoni mwa samaki, ni changu. Ulikibana wewe kwenye mnyororo wa trela nikiwa na miaka kumi na miwili, ukaniambia nisilie watu wasisikie. Samaki ni wangu pia, wa masika miaka minne iliyopita, alikuwa ratili saba na robo. Picha ilikuwa mlangoni kwa jokofu lako. Mimi nilikuwa ndani yake nacheka, nimevaa koti la mama, Mungu amrehemu. Umechukua mkasi ukanitoa. Ukabakiza kidole kwa sababu bila kidole samaki angeanguka.

Nimempigia simu Gaylon. Nilitaka kukutendea haki. Nimemuuliza, "Bwana Peebles, samaki wa Juni alikuwaje?" Akasema, "Samaki gani?" Nikasema, "Uliyemchoma sindano." Akasema, "Binti, mimi tangu mgongo uniharibikie sijapanda boti ya mtu. Baba yako huja hapa jioni na barua zako, ananisomea mambo ya mafundo. Mimi nilidhani anataka kampani." Halafu akasema, "Usimwambie kama nimekuambia." Nakuambia, kwa sababu mtu mmoja kati yetu lazima aseme mambo.

Nilikuomba kitu kidogo kuliko vyote nilivyowahi kukuomba.

Jina langu na la Rhoda yameingia leo. Tutakuja na boti yake. Ukituona juu ya jabali, pita mbali, usitupige mawimbi. Usiandike tena.

Twyla


Cobb Hollow
20 Oktoba 2003

Twyla,

Ulisema nisiandike. Hii ukitaka itupe, au mpe Rhoda afutie mafuta ya injini.

Jumamosi nilikuwepo. Mstari wa pili kwenye fomu yangu ulibaki mtupu, na mtu mmoja haruhusiwi, kwa hiyo nilisimama nchi kavu na wake za watu na mbwa wao, nimevuta kofia mpaka puani. Nilileta kiti cha kukunja, sikukikalia. Nilileta darubini. Niliwaona juu ya Sulphur asubuhi nzima. Hamkuhama. Boti zote zinakimbia huku na huku, na nyinyi mmekaa pale pale kama mmeambiwa mngoje daktari. Jamaa mmoja pembeni yangu akasema, "Wale wanawake wamelala." Nilitaka kumwambia anyamaze. Sikumwambia.

Mlipopanda jukwaani na ule mfuko ukitingishika, na sindano umeichomeka kwenye utepe wa kofia, na mizani ikasema ratili ishirini na mbili, watu waliinuka. Hata vijana wa Doss waliinuka. Mlitoka wa kwanza na mimi sijapiga makofi, mikono ilikuwa imeshika darubini. Huo ndio udhuru nilioupata.

Halafu yule jamaa akanigeukia, akasema, "Verlon, yule siyo binti yako?" Nikasema ndiye. Akasema, "Ule uvuvi wa chubwi chini kajifunza wapi?"

Na mimi nikasema kwa sauti, unaijua sauti yangu: "Kwangu! Nilimfundisha mwenyewe, kila fundo!"

Ulikuwa unashuka ngazi. Nilikuona ukisimama. Ulinitazama kama mtu anavyotazama mahali alipoegesha gari na gari halipo, halafu ukamshika Rhoda mkono mkapita. Mlipita karibu, ningeweza kugusa mfuko. Jamaa akasema, "Mbona hajakusalimu?" Nikasema, "Ana haraka, mabingwa wana haraka." Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka vizuri sana, Twyla, ungenisikia ungedhani ni mimi niliyeshinda.

Nimekaa toka juzi natafuta namna ya kuandika hili ili lichekeshe. Nimeandika mwanzo mmoja wenye mbwa ndani yake, ulikuwa mzuri, nimeuchana.

Mimi sikukufundisha. Wewe ulijifunza kwa yule mvuvi wa California aliyepanga chumba kwa Ouida msimu ule wa baridi, mimi nikakucheka mezani. Majuma yote haya nimekuwa nikienda Sulphur peke yangu na barua yako imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mshipi siuoni. Ninafunga kwa kupapasa. Ndoano inalala. Chubwi limenasa, kila siku linanasa, chini ya jabali lile kuna risasi yangu ya kutosha kuezekea kanisa. Na kutulia siwezi. Naanza kutulia, nafikiri habari za koleo, mkono unaruka.

Hakuna besi wa ratili tisa. Sikumvua. Hakuna watatu wa Julai, hakuna watu waliojaa gatini, na duka la chambo lilikuwa limefungwa siku ile. Toka uondoke sijapandisha samaki hata mmoja botini. Sina bahati yoyote. Nilikudanganya.

Verlon